Winga bila pembeni: Njia mbovu za baiskeli zinavyowaangusha watu wa soka

Kocha yeyote wa mchangani anajua jambo moja: ukimwambia winga acheze pembeni, basi hiyo pembeni lazima iwepo. Huwezi kumchorea chaki, halafu ukaegesha gari kwenye kibendera cha kona, ukachimba shimo juu ya mstari na kumweka muuza mihogo katikati, kisha ukaanza kumlaumu kwamba haingizi krosi. Winga atafanya kile ambacho kila mwenye akili angefanya. Ataingia kati.

Hicho ndicho kinachowakuta waendesha baiskeli katika miji yetu mingi. Wanajengewa njia, wanaambiwa "hii ni yenu", halafu njia yenyewe inakatika kabla ya makutano, inapita juu ya mtaro usio na mfuniko, inaishia kwenye nguzo ya umeme. Wakishuka barabarani ili wafike salama, dereva anapiga honi na kutoa kichwa dirishani: "Si mmetengenezewa njia yenu nyie?"

Watakuwepo wa kuuliza habari hii inatafuta nini kwenye kurasa za michezo, tena siku ambazo watu wanataka kujua nani anasajiliwa wapi. Jibu liko Litapunga.

Litapunga ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, mkoani Katavi. Huko, kama ilivyo sehemu kubwa ya mikoa ya magharibi, baiskeli ndiyo basi la timu. Mechi ikiwa kijiji cha jirani, wachezaji hawakai kusubiri Coaster yenye kiyoyozi. Mmoja anakanyaga pedeli, mwingine anakaa kwenye keria na mfuko wa jezi mapajani, na dogo wa timu anabanwa kwenye bomba la mbele akiwa na viatu shingoni. Wakifika wanacheza dakika 90, kisha wanakanyaga tena kurudi.

Baiskeli hiyohiyo asubuhi imebeba maji. Mchana imebeba gunia la mahindi au la mpunga. Usiku wa derby ya Kariakoo inampeleka mwenyewe kibanda umiza, na kama ni usiku wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, inamrudisha nyumbani saa saba za usiku, gizani, njia nzima akibishana na mwenzake kama ile ilikuwa penalti au siyo.

Kwa hiyo mtu akisema suala la njia za baiskeli ni la watu wa mazingira na wazungu wanaopenda mazoezi, huyo hajui mashabiki wa mpira wa nchi hii wanafikaje kwenye mpira.

LAMI IMEKUJA NA MWENDO WAKE

Katavi ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Tangu hapo lami imekuwa ikiifuata. Barabara ya kutoka Tabora kwenda Mpanda, ambayo zamani msimu wa mvua ilikuwa adhabu kwa abiria na dereva, sasa ni lami. Hilo ni bao safi, halina haja ya VAR. Mgonjwa anafika hospitali haraka, mazao yanatoka shambani, na timu ya mkoa jirani ikija kucheza Uwanja wa Azimio pale Mpanda haifiki ikiwa imeshachoka kabla ya filimbi.

Lakini lami ina tabia moja ambayo watu husahau wakati wa kukata utepe. Inaongeza mwendo. Barabara ya vumbi yenye mashimo ilimlazimisha dereva wa lori apunguze, atake asitake. Lami haimlazimishi. Mwenye baiskeli naye hajabadilika. Bado yupo palepale ukingoni, na gunia lake, bila taa ya nyuma, akienda kwa nguvu za miguu yake. Kilichobadilika ni kasi ya kitu kinachokuja nyuma yake.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Maana yake wanaokufa zaidi ni wale wasio na bodi la chuma la kuwakinga. Ni kama kumpanga mchezaji mmoja bila kinga ya ugoko acheze na timu nzima iliyovaa buti za chuma, halafu refa anasema wote ni sawa, mpira uendelee.

Ndiyo maana swali la Mpanda, Nsimbo na miji mingine inayokua sasa haliwezi kuwa "tutajenga lini njia za baiskeli?" peke yake. Linatakiwa liwe "tutajenga za aina gani?" Kwa sababu njia mbovu ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Inampa mwendeshaji imani ya uongo, inampa dereva sababu ya kumfukuza barabarani, na inampa kiongozi picha ya kuonyesha kwamba kazi imefanyika.

DAR WAMECHORA CHAKI

Mfano mkubwa upo Dar es Salaam. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ina urefu wa kilomita 20.9 na ilianza kutoa huduma Mei 2016. Kando ya mabasi kulijengwa njia za watembea kwa miguu na za baiskeli. Jiji likatwaa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na kwa haki kabisa, kwa sababu kabla ya hapo mwendesha baiskeli wa Barabara ya Morogoro hakuwa na chochote zaidi ya sala.

Sasa mchukue shabiki anayetoka Kimara na baiskeli yake kwenda Mtaa wa Msimbazi yalipo makao makuu ya Simba, au anayekwenda kwa Yanga pale Twiga na Jangwani. Vipande virefu atakanyaga vizuri, mpaka ajione yuko Ulaya. Halafu mchezo unabadilika. Njia ya baiskeli iko usawa mmoja na ya miguu, zimetengana kwa rangi na vigae tu, kwa hiyo watu wanatembea humohumo. Machinga ametandika nguo kwa sababu ndipo wateja wanapopita. Bodaboda anakata humo kukwepa foleni. Gari limepanda na magurudumu mawili. Akifika kwenye makutano, pale ambapo magari yanakata kona na yeye anahitaji kulindwa kuliko mahali pengine popote, njia inakatika au inamshusha kwa ghafla.

Hiyo ni sawa na beki anayekaba vizuri sana katikati ya uwanja, halafu mshambuliaji akiingia ndani ya 18 anamwacha na kwenda kunywa maji.

Wapo watakaosema tatizo ni machinga na bodaboda, wafukuzwe. Hapana. Machinga hakuisanifu njia. Anakwenda walipo watu, na kama mji haukumpangia mahali, atajipangia. Bodaboda naye anapita humo kwa sababu hakuna kinachomzuia. Ukuta wa timu ukivuja kila mechi, kocha anauangalia mfumo kabla ya kumtukana kipa.

Makosa ya usanifu yanajulikana na hayahitaji profesa. Kingo za zege zisizoshushwa kwenye kila lango la gari, ambazo kwa baiskeli tupu ni kero na kwa baiskeli yenye gunia ni kuanguka. Nguzo, vibao na miti katikati ya njia. Vyuma vya kuzuia bodaboda vilivyobanana hadi mwenye matenga ya kuku ashuke na kubeba baiskeli mkononi. Mifuniko ya mitaro yenye nafasi za kumeza tairi. Na upana usiotosha. Miongozo mingi ya usanifu inataka angalau mita 2 kwa njia ya upande mmoja na mita 3 pale ambapo watu wanapishana, ili anayekwenda kasi ampite aliyebeba mzigo bila kushuka barabarani.

Dar siyo peke yake. Nairobi walimaliza Barabara ya Thika mwaka 2012, kilomita 50 hivi za barabara pana inayopita Kasarani, uwanja uleule ambao Agosti 2025 Morocco iliifunga Madagascar 3-2 katika fainali ya CHAN. Njia za miguu na baiskeli zilijengwa pembeni. Lakini mwenye baiskeli akifika kwenye vituo vya matatu na kwenye maingilio ya magari, anagombea nafasi kama mtu anayetafuta tiketi ya derby saa moja kabla ya mechi. Mwaka 2015 kaunti hiyo ikapitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti yake ya usafiri kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli. Sera nzuri sana. Ila sera kwenye karatasi ni kama fomesheni ubaoni, haijawahi kufunga bao mpaka watu waingie uwanjani.

"MBONA HAWAZITUMII?"

Hoja ambayo madereva na baadhi ya wakubwa wanaipenda ni hii: njia zimejengwa, waendesha baiskeli wenyewe hawazitumii, kwa hiyo kujenga nyingine ni kupoteza hela.

Hoja hii inaonekana nzito mpaka uitazame kwa macho ya mpira. Upande mmoja wa uwanja ukiwa na tope, timu zote mbili zinapeleka mpira upande mkavu. Hakuna mchambuzi mwenye akili anayesema timu hizo hazipendi kucheza pembeni. Anasema uwanja mbovu. Mwendesha baiskeli anayeiacha njia yake na kuingia barabarani, akijua kabisa kwamba huko kuna malori, amepiga hesabu ndani ya sekunde moja na kuona lori ni afadhali kuliko njia aliyojengewa. Ile siyo ligwaride la ukaidi. Ni ripoti ya ukaguzi anayoiandika kwa miguu yake, bure.

Hoja nyingine ni kwamba Katavi na mikoa kama hiyo ina mambo muhimu zaidi: maji, zahanati, madawati. Ni kweli yapo, na hakuna anayetaka zahanati isimame ili baiskeli ipite. Lakini njia ya baiskeli ni rahisi kuliko kitu chochote pale inapokuwa bado mchoro. Kupanua ukingo wa lami kwa mita moja na nusu au mbili wakati mkandarasi yuko kazini na mitambo yake ni nyongeza ndani ya mradi. Kurudi miaka kumi baadaye, kuhamisha nguzo, kuvunja mitaro na kulipa fidia kwa waliojenga kwenye hifadhi ya barabara, huo ni mradi mpya kabisa. Klabu zetu zinalijua hili vizuri: kumlea kijana wa miaka 14 ni nafuu kuliko kumnunua akiwa na miaka 24.

Kwa maana hiyo, Mpanda ina bahati ambayo Dar imeshaipoteza. Nafasi bado ipo. Anayekosea sasa hawezi kusema mji ulikuwa umeshajaa.

CRUYFF NA WATOTO WA AMSTERDAM

Watu hudhani Uholanzi ilizaliwa na baiskeli. Siyo. Baada ya vita kuu ya pili walijenga miji yao kwa ajili ya magari kama wengine. Mwaka 1971, mwaka ambao Ajax ya Johan Cruyff ilichukua Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza, barabara za nchi hiyo ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Hao ni watoto ambao jioni walikuwa wakicheza mpira mitaani wakijiita Cruyff.

Wazazi hawakuvumilia. Walifunga mitaa, wakaingia barabarani na watoto na baiskeli zao, na mwaka 1973 kikaanzishwa kikundi kilichojiita kwa maneno mazito: acheni kuua watoto. Mwishoni mwa mwaka huohuo mgogoro wa mafuta ukaikuta nchi, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakaona mji bila magari unavyofanana. Mwaka 1974 Uholanzi ilipoteza fainali ya Kombe la Dunia mbele ya Ujerumani Magharibi kwa mabao 2-1. Ile mechi nyingine, ya mitaani, iliendelea, na hiyo walikuja kuishinda.

Ushindi haukuja kwa kupaka rangi. Wasanifu wao walijiwekea masharti matano ambayo mpaka leo wanayatumia: njia iunganike bila kukatika, isimzungushe mtu, iwe salama, iwe tulivu kuipanda, na ipendeze. Ukiyasoma kwa makini utaona ni masharti ya pasi nzuri. Ifike, ifike kwa njia fupi, isinyang'anywe, isimpe shida anayeipokea, na watazamaji waifurahie.

Hakuna hata moja kati ya hayo matano linalohitaji utajiri wa Uholanzi. Yanahitaji mtu mwenye kalamu amkumbuke mtu mwenye baiskeli.

KAZI YA KUFANYA

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON. Viwanja vinajengwa, barabara za kuelekea viwanjani zinatengenezwa, na kila kitu kinapimwa kwa macho ya mgeni atakayeshuka na ndege. Hakuna ubaya. Lakini katika michoro yote hiyo, mtu wa mpira aulize swali dogo: shabiki wa baiskeli anapita wapi, na akifika anaifunga wapi baiskeli yake? Sehemu ya maegesho ya gari moja inaingia baiskeli nane mpaka kumi. Uwanja wa Azimio na viwanja vya wilaya havihitaji ufadhili wa CAF ili kuweka vyuma vya kufungia baiskeli na mlinzi mmoja anayetoa namba. Viongozi wa vyama vya soka vya mikoa na wilaya wanaweza kulifanya hilo kabla ya msimu ujao.

Matawi ya Simba na Yanga nayo yana nguvu ambayo hayajaitumia. Tawi linalojaza watu kupokea kombe haliwezi kushindwa kujaza watu kumi kwenye mkutano wa kata kuuliza kuhusu mchoro wa barabara. Dar es Salaam, umoja wa waendesha baiskeli, UWABA, umelipigia kelele suala hili kwa miaka mingi. Ukipewa sauti ya matawi ya Kariakoo nyuma yake, hakuna ofisi ambayo haitasikia.

TANROADS na TARURA ndio wenye kalamu. Kabla ya kupokea barabara yoyote ya mjini kutoka kwa mkandarasi, kuwe na jaribio moja tu. Mhandisi mshauri, mkandarasi na ofisa anayesaini wapewe baiskeli za Phoenix, kila mmoja afungiwe gunia la mahindi kwenye keria, na waambiwe waipande njia ya baiskeli kutoka mwanzo hadi mwisho saa 12 jioni. Atakayeshuka hata mara moja, kwa nguzo, kwa mtaro, kwa ukingo wa zege au kwa makutano, mahali hapo pawekwe alama nyekundu na hela isilipwe mpaka pamerekebishwa. Jaribio hilo halina gharama, na litafundisha mengi kuliko semina ya siku tatu yenye posho.

MPAKA HAPO MECHI INAENDELEA

Njia nzuri hazitajengwa wiki hii, na mechi ya Jumapili haisubiri. Kwa hiyo wanaopanda baiskeli wana ukabaji wao wa kufanya.

La kwanza ni kuonekana. Kibati cha kuakisi mwanga nyuma, au hata jezi ya rangi kali juu ya shati jeusi, kinampa dereva wa lori sekunde za kufikiri. Anayetoka kibanda umiza usiku bila taa amevaa jezi ya rangi ya uwanja.

La pili ni kukaa kushoto na kwenda upande uleule wa magari. Kwenda kinyume kunampa mtu moyo kwa kuwa anaona kinachokuja, lakini dereva anayekata kona hamtarajii kutoka upande huo. Magari yaliyoegeshwa yapitwe kwa nafasi ya mlango kufunguka.

La tatu ni makutano. Hapo ndipo penye bao la kufungwa. Atazame nyuma, anyooshe mkono mapema, asijibane kushoto mwa lori linalotaka kukata kushoto, kwa sababu dereva aliye juu kule hamwoni. Na kama njia ya baiskeli imejaa tope, vigae vilivyobomoka na magari, asione aibu kuingia barabarani kwa utaratibu na kushika nafasi yake. Sheria ya barabarani haijawahi kusema lami ni mali ya wenye injini.

Madereva nao wapunguze mdomo. Yule mwenye gunia anayewachelewesha sekunde tano huenda ndiye aliyebeba mchele watakaoula jioni, na dogo aliyekaa kwenye bomba la mbele na viatu shingoni huenda ndiye winga ambaye miaka sita ijayo watalipa kiingilio kumwona. Ili amwage krosi hiyo, kwanza lazima afike mazoezini. Na baada ya mazoezi lazima afike nyumbani Litapunga akiwa mzima.